Kopo la Mwenyekiti

Kwetu Mumias msichana hapimwi kwa uso, hupimwa kwa makalio ya sufuria zake. Nyanya yangu alinifundisha hivyo nikiwa bado sijafika kimo cha meko. Mama mkwe akija kuposa, alisema, hatakutazama wewe. Atapita kwenye kichanja cha vyombo kana kwamba anaelekea chooni, ageuze sufuria moja kwa kidole, na akiona masizi atakunywa chai, ashukuru, na hamtamwona tena. Basi nilisugua. Nilisugua kwa jivu, kwa mchanga wa mtoni, na baadaye kwa waya wa dukani, ndani na nje, mpaka sufuria ikanionyesha meno yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna chombo duniani ambacho kukisugua ni kosa, na mimi si mtu wa kuuliza maswali nikiwa na waya mkononi.

Nilienda Saudia katika miaka ile ambayo kila kijiji kilikuwa na wakala wake, na kila wakala alikuwa na picha ya jumba la marumaru kwenye simu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh. Sitaisimulia. Nitasema tu kwamba baada ya miezi minne madam yule alinirudisha ofisini jinsi mtu anavyorudisha kanzu isiyomkaa. Ofisi yenyewe ilikuwa na chumba cha nyuma chenye magodoro, na sisi tuliorudishwa tulikaa humo tukingoja mtu mwingine aje atutazame. Waliingia, wakatuuliza umri, wakatuambia tusimame, tugeuke, tuonyeshe mikono. Nilikaa pale wiki tatu. Tangu siku hizo neno ofisi likitajwa tumbo langu hukaza, na msomaji ashike hilo, maana ndilo lililonifanya niseme uongo nitakaoueleza.

Aliyenitoa alikuwa daktari wa Jeddah, mtu wa Hijazi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumtunza baba wa mkewe. Huyo ndiye aliyekuwa kafili wangu mpya, mdhamini wa kazi yangu, na nyumba yao ilikuwa mtaa wa Al-Rawdah. Mkewe, madam wangu, hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mbosnia. Alikuja kusoma akiwa msichana baada ya vita vya kwao, akaolewa, akabaki. Mama yake alipofariki alimleta baba yake aishi naye, na mzee huyo ndiye kisa changu.

Bosnia nilikuwa nikiijua kwa jina. Nilipokuwa mtoto imamu wetu aliiombea kila Ijumaa, na siku moja baba yangu, ambaye hakuwa na cha kutoa, alimpeleka jogoo wetu msikitini anadiwe kwa ajili ya watu wa Bosnia. Nililia kwa sababu ya jogoo yule, na kwa miaka mingi Bosnia kwangu ilikuwa nchi iliyokula jogoo wetu. Nilimsimulia mzee habari hiyo katika mwezi wangu wa kwanza, kwa Kiarabu changu cha jikoni, nikitaka tu kumchekesha. Hakucheka. Aliniuliza jogoo alikuwa rangi gani. Nikamwambia mwekundu, mwenye mkia mweusi. Akaishika fimbo yake, akasimama wima, jambo lililomchukua muda, akaweka mkono kifuani na kuniambia nimfikishie baba yangu shukrani za mji wake. Hakuna mtu aliyewahi kumsimamia baba yangu hata siku moja.

Kusimama ilikuwa tabia yake. Kila nilipoingia na sinia, alisimama. Siku za mwanzo nilidhani anataka kwenda msalani, nikawa naweka sinia chini na kumkimbilia kumshika, naye ananitazama kwa mshangao, wawili tumeshikana katikati ya chumba bila pa kwenda. Baadaye madam alinieleza kwamba baba yake humsimamia yeyote aletaye chakula. Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, alikisoma madrasa ujanani, na changu kilikuwa cha yalla na halas na mafi, yaani haraka, basi na hakuna, hivyo tulizungumza kama msomi na mwuza vitunguu. Nilimwita Haji.

Alikuwa na tabia nyingine. Kabla ya kutia kijiko mdomoni aliuliza, "Wote wameshakula?" Aliuliza asubuhi, mchana na jioni. Hakuwa akiuliza juu ya madam na watoto peke yao. Aliuliza juu yangu, juu ya dereva, na juu ya mpishi, mama wa Kiindonesia mwenye umri wa shangazi yangu aliyekuwa amekaa nyumba ile miaka tisa. Nami nilijibu, "Wote, Haji," bila kugeuka hata kutazama mlango wa jikoni, maana chakula kilikuwa kinapoa na mimi nilikuwa na nguo za kupiga pasi. Mara nyingi mpishi alikuwa hajaonja kitu tangu alfajiri. Nilihesabu uongo huo kuwa adabu.

Wageni walimjia. Walikuwa madaktari na wanafunzi wa kwao, na mahujaji waliopitia Jeddah wakienda Umra. Wanaume wenye mvi waliinama kumbusu mkono na kumwita Mwenyekiti. Nikamwuliza madam alikuwa mwenyekiti wa nini. Alinisimulia tukikunja shuka. Mji wao ulikuwa mdogo, bondeni, na vita vilipoanza ulizingirwa pande zote, mizinga ikiwa milimani. Waliokuwa wakigombea ukubwa wakati wa amani walikuwa wamekwisha kukimbia. Waliobaki walikutana chini ya jumba la sinema, wakamchagua mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi awe kiongozi wa baraza la vita. Walimchagua yeye, madam alisema, kwa sababu watoto wao wote walijifunza kwake kugawanya, na katika mji uliozingirwa kazi kubwa ya kiongozi ni kugawanya. Aligawanya unga, chumvi, kuni, dawa na zamu za kupigana. Mji ulishikilia mpaka mwisho. Ukiwauliza wageni wale, watakuambia ulishikilia kwa sababu yake.

Nilimtazama mzee aliyekuwa akikusanya chembe za mkate mezani kwa ubavu wa kiganja, akizitia kinywani moja moja, nikashindwa kuoanisha. Nimeona wakubwa kwetu. Wana walinzi, wana tumbo, wana namna ya kuchelewa. Huyu alifua soksi zake mwenyewe nikimgombeza. Nilianza kumwogopa, lakini si uoga wa ofisi. Ni ule wa kuingia msikitini ukiwa mtoto na kukuta hakuna mtu.

Chumbani kwake hakukuwa na picha wala nishani. Kwenye rafu kulikuwa na msahafu, miwani ya akiba, na kopo. Lilikuwa kopo la bati la ukubwa wa lita hivi, la chakula cha msaada, lenye mkono wa waya uliounganishwa kwa risasi ya fundi, jeusi kwa masizi nje na limeshika kutu na uchafu ndani. Madam aliniambia ndilo lililokuwa kipimo cha mji. Kila nyumba ilipata kopo moja la unga, na nyumba ya mwenyekiti ilipata kopo lilelile. Mimi nilichosikia ni kwamba lina heshima. Uchafu wake nilikuwa nimeuona mwenyewe.

Kisha ukaja mwaliko. Wabosnia wa Riyadh walitaka kumfanyia mzee chakula cha mchana baada ya sala ya Ijumaa, kwenye istiraha moja, nyumba ya mapumziko ya kukodi nje ya mji, wamsifu kabla hajafa. Pamoja na mwaliko ikaja simu. Muuguzi mmoja wa hospitali ya Riyadh, mwenyeji wa mji uleule, alimwambia madam kwamba naye atakuja, na atakapomaliza kusifiwa atamwuliza swali mbele ya watu wote. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa ikipimiwa kwa kopo gani, sisi tukifa njaa? Madam alikata simu. Alitaka safari ivunjwe. Mzee alisikiliza, akasema ataenda, na kwamba kopo litiwe kwenye mizigo. Madam alipotoka chumbani alikuwa na uso mwingine. Kumbe ndani ya kopo, aliniambia baadaye, baba yake alikuwa akichora mstari kwa msumari kila kipimo kilipopunguzwa, na mistari hiyo ndiyo itakayomfunga yule mwanamke mdomo.

Aliniambia hayo jioni. Ole wangu, kopo nilikuwa nimelisugua mchana.

Nililisugua kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisikia litiwe kwenye mizigo, nikasema moyoni, mtu mzima mwenye heshima zake ataenda mbele za watu na chombo cha masizi? Watu watasema anatunzwa na nani? Nilichukua waya mpya wa mpishi, siki na chumvi, nikakaa kwenye kibaraza cha nyuma na kopo katikati ya magoti, nikalifanyia kazi kama ninayengoja kuposwa. Ndani kulikuwa na mikwaruzo. Niliiona. Nilidhani ni mikwaruzo ya vijiko, nikaikazania zaidi, na kwa kuwa bati lilikuwa limelainika kwa miaka, ilikubali. Nilipomaliza lilikuwa likimeta juani. Nililirudisha kwenye rafu, nikasubiri kusifiwa.

Madam aliingia chumbani kwa baba yake baada ya kunisimulia habari za mistari. Nilisikia ukelele mmoja. Alitoka akiwa amelishika kwa mikono miwili, akatuita mimi na mpishi jikoni, akauliza ni nani. Waya ulikuwa kwenye karai la mpishi, bado una masizi. Nikakiona chumba cha nyuma cha ofisi, na magodoro. Nikajitia hamnazo. "Mimi sijui, madam. Mimi nilikuwa nikipiga pasi."

Mpishi alinitazama. Alikuwa ameniona kibarazani, alinipitia akaenda kuanika taulo. Akasema tu Mungu ni karimu. Sijui mpaka leo kwa nini hakunitaja. Labda alijua kwamba mtu akiamua kusema uongo na waya uko kwenye karai lako, maneno yako hayana kazi. Madam akamwambia afungashe. Siku watakaporudi kutoka Riyadh tiketi yake itakuwa tayari. Miaka tisa, halas.

Na mzee? Nilipompelekea dawa alikuwa ameketi kwenye dirisha linalotazama kibaraza cha nyuma, kopo likiwa kwenye mwanga, akiligeuza. Alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sikuielewa. "Limetakata," alisema. Kisha akajilaza na kulala usingizi mzito wa mtoto mpaka ikabidi nimwamshe kwa sala.

Tulisafiri Alhamisi asubuhi, madam, mzee, na mimi wa kumshika mkono. Katika ndege nilikaa nikiwa na ikama yangu, kibali cha ukaazi, kwenye mfuko na moyo juu juu. Nilijiambia kwamba mpishi ana watoto wakubwa, atapumzika, na mimi ndio kwanza naanza. Mtu hujitafutia sababu za kila namna. Siri ya mtungi muulize kata, wasemavyo, na kata ilikuwa imebaki Jeddah ikifunga begi.

Tulifikia fleti ya kupanga. Madam alikuwa amemsihi muuguzi aje siku hiyo, kabla ya mkutano, amalize neno lake faraghani. Alikuja baada ya alasiri akitoka kazini, sare nyeupe ikionekana chini ya abaya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye macho ya mtu anayelala zamu. Mzee alisimama. Akamsalimu kwa lugha yao. Yeye akajibu kwa Kiarabu, kile cha hospitalini, na akaendelea na Kiarabu. Madam alipomsemesha kwa lugha yao, alisema kwa Kiarabu kwamba lugha ya mama yake hatazungumza na mtu huyu mpaka ajibiwe. Ndiyo sababu niliweza kusikia yote, mimi niliyekuwa nimeketi kwenye zulia karibu na miguu ya mzee.

Swali lake lilikuwa fupi. Alikuwa na miaka tisa wakati ule, na yeye ndiye aliyetumwa akiwa na kopo la nyumbani kwao kupokea unga. Watu walisema nyumba ya mwenyekiti ina kipimo chake. Ni kweli au si kweli?

"Si kweli," mzee alisema. "Tulipimiwa kwa hili."

Madam akalichukua kopo, akaanza kueleza haraka haraka. Ndani kulikuwa na mistari, ushahidi mtupu, lakini mpishi wake, Mungu amlaani, alikuwa amelisugua, naye ataondoka Jumamosi. Mzee akainua kidole. "Mwanangu, nyamaza. Hiyo mistari haikuwa ya kunitetea."

Akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na msumari. Alikuja nao kutoka Jeddah. Akajaribu kulishika kopo kwa mkono wa kushoto na kuchora kwa wa kulia, lakini mikono ilitetemeka, msumari ukateleza. Akaniambia nishike. Nikapiga magoti mbele yake, nikalibana kopo kwa viganja viwili, mdomo wake ukimwelekea yeye.

Alichora mstari wa kwanza karibu na ukingo. Huo ulikuwa wa majira ya baridi ya kwanza, alisema. Sauti ya msumari kwenye bati iliniingia kwenye meno. Wa pili, chini kidogo, ulikuwa wa wakati ndege za msaada zilipoacha kuja. Wa tatu ulikuwa wa watu wa ng'ambo ya mto walipoingia mjini na nguo walizovaa tu. Kila mstari aliupatia mahali pake bila kusita, kana kwamba bati lilikuwa bado linamwonyesha. Kisha akatua kuvuta pumzi.

"Juzi mtu alilisugua," alimwambia muuguzi. "Nilipoliona nilifurahi. Nilisema, basi, Mwenyezi Mungu amenifutia, hakuna atakayejua. Nikalala kama ambavyo sijalala miaka ishirini. Halafu nikaamka."

Nilifikiri, mzee huyu amefutiwa na mimi bila kuomba, na ameleta msumari ajichoree upya. Mimi nimepewa nini cha kuogopa kinachozidi hiki? Ofisi? Godoro? Sijui nilipiga moyo konde saa ngapi. Nilisikia sauti yangu.

"Haji, ni mimi niliyelisugua. Si mpishi. Ni mimi."

Nyuma yangu madam alivuta pumzi. Sikugeuka. Mzee alinitazama juu ya miwani, bila hasira na bila mshangao.

"Najua," alisema. "Shika vizuri."

Nikashika. Akashusha msumari chini sana, chini ya nusu ya kopo, akachora mstari wa nne, na alikuwa akisema huku akichora. Mjumbe aliwafikia usiku mmoja kutoka vijiji vya juu, akasema watu wengi sana wako njiani kupitia msituni, watafika baada ya siku kumi, hawana kitu. Baraza likamwachia yeye aamue. Aliteremsha kipimo, akafungia magunia katika ghala la shule, ufunguo akauvaa shingoni. Watu aliwaambia unga umekwisha, kwa sababu angesema upo, wangevunja mlango. Siku kumi zikapita. Njia ilikuwa imekatwa, hakufika mtu. Akangoja siku nne zaidi. Katika siku hizo kumi na nne walikufa watoto mjini, na unga ulikuwepo.

"Hatukuwa na kipimo chetu," alisema. "Hilo uliloambiwa ni uongo. Kweli ni mbaya zaidi, na hakuna anayeijua aliye hai isipokuwa mimi. Sasa na ninyi."

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Muuguzi aliuliza yalikuwa magunia mangapi. Mzee akasema arobaini na moja, bila kuinamisha macho. Yule mwanamke akapiga magoti karibu nami, akatia kidole ndani ya kopo na kukiweka juu ya mstari wa nne. Alisema, bado kwa Kiarabu, kwamba siku zile alilifunika kopo la kwao kwa kiganja njia nzima ili upepo usichukue unga. Kisha akasema neno kwa lugha yao. Mzee akalirudia. Akalisema tena, na mzee akalirudia tena, polepole, kama mtoto anayefundishwa. Madam alikuwa akilia. Baadaye aliniambia lilikuwa jina la mdogo wake yule muuguzi, aliyekuwa na miezi minane.

Alipoondoka alisema kesho hatauliza kitu. Mzee akasema kesho atasema mwenyewe.

Na alisema. Wanawake tulikuwa chumba cha pili cha istiraha, mlango ukiwa wazi, na niliona migongo ya wanaume wale wenye mvi ikikakamaa. Walikuwa wameandaa maneno ya kumsifu na walikuwa wamekwisha kuyasema nusu. Alipomaliza, mmoja alisimama na kusema mwenyekiti ni mgonjwa, hajui asemalo. Mwingine alisema hakukuwa na haja, maadui wataitumia. Wapo walioondoka bila kumbusu mkono. Wapo waliokuja wakambusu wakilia, na mmoja alibaki ameketi mbele ya sahani yake mpaka chakula kikapoa, akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni nimesimama. Nilisimama muda wote aliokuwa akizungumza, na hakuna aliyeniambia nisimame.

Watu huniuliza kama mtu yule alikuwa shujaa au alikuwa na damu mikononi. Ni swali la watu walioshiba. Ninachojua ni kwamba nimeishi na watu wengi waliokuwa na makosa madogo kuliko lile, na mimi nikiwa mmoja wao, na sijaona mwingine aliyefutiwa kosa lake akabeba msumari kusafiri nao. Mficha uchi hazai, tunasema, lakini kulisema ni rahisi.

Kopo muuguzi alilichukua. Mzee alimpa kwa mikono miwili.

Tulirudi Jeddah Jumamosi mchana. Madam hakunisemesha njia nzima. Sikujua kama ninarudi kazini au ninafuata begi langu, na ajabu ni kwamba tumbo langu lilikuwa limetulia. Tulipofika alimwambia mumewe jambo kwa sauti ya chini, na daktari akanitazama, akasema tu nimwandalie mzee chakula, ametoka safari. Mambo mengine yatazungumzwa kesho. Yalizungumzwa, na nilikaa nyumba ile miaka mingine mitatu, mpaka nilipomfumba macho mzee mwenyewe. Lakini siku ile sikuwa nayajua hayo.

Chakula kilikuwa tayari. Mpishi alikuwa amekipika kabla ya kufunga zipu ya begi lake. Nikakiweka kwenye sinia, nikaingia. Haji akashika fimbo, akasimama. Akaketi. Akakiinua kijiko, akakishikilia hewani.

"Wote wameshakula?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu, lile la kila siku. Nikaliacha. Nikatoka, nikaenda jikoni, nikatazama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, amevaa abaya yake ya safari, begi kati ya miguu, mikono juu ya begi. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Sufuria zake zote zilikuwa zimefunikwa, na sahani yake ilikuwa kavu kwenye kichanja.

Nikarudi. "Bado mmoja, Haji."

Akaweka kijiko mezani, akakunja mikono, akangoja.

Nilipakua wali, nikauwekea nyama nzuri, nikaenda kuketi sakafuni mbele ya kigoda. Nilimweleza yote kwa Kiarabu chetu kibovu, kwamba nimesema, kwamba hatoki, kwamba ni mimi. Alinisikiliza akitazama ukuta. Hakusema amenisamehe, na kwa mwezi mzima baadaye hakunipa neno zaidi ya pita na leta. Lakini baada ya muda mrefu, wali ukiwa umeshika baridi, alinyoosha mkono akaichukua sahani.

Nilikaa pale mpaka akamaliza. Kisha nikainuka kwenda kumwambia Haji.